Miaka ya Waasi katika Hollywood

Yamkini, msomaji, umekwisha kuona filamu nyingi za Kimarekani, ukadhani kwamba nchi ile tangu hapo haikutengeneza ila za namna moja: shujaa asiyekufa, moto na vishindo, kisha mwisho wa furaha. Sivyo. Tangu mwaka wa 1967 hata mwaka wa 1980 hivi palikuwa na vijana walioingia Hollywood, mji wa filamu, wakazivunja desturi zake nyingi. Na ajabu ni kwamba wenye mali wenyewe ndio waliowapa fedha za kuzivunjia. Habari zao zimekusanywa katika filamu ya hali halisi ya mwaka wa 2003 iitwayo A Decade Under the Influence. Waliiongoza Ted Demme na Richard LaGravenese. Demme alifariki Januari 2002, kazi haijakwisha, mwenziwe akaimaliza. Humo waongozaji na waigizaji wa zama zile, wengi wao wamekwisha kuota mvi, wanaeleza kwa vinywa vyao waliyoyatenda, na vipande vya filamu zao vinaonyeshwa kati ya maneno.

Huwezi kuufahamu uasi pasipo kuufahamu ufalme ulioasiwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 makampuni machache yalishika kila kitu: studio, waigizaji waliofungwa kwa mikataba ya miaka mingi, na hata majumba ya sinema ambamo filamu zilionyeshwa. Tena palikuwa na kanuni ya maadili waliyojiwekea wenyewe, ikashikwa kwa nguvu tangu mwaka wa 1934. Hadithi ilikaguliwa kabla haijapigwa picha. Mhalifu sharti aadhibiwe. Mume na mke aghalabu walionyeshwa wakilala vitanda mbalimbali, kana kwamba watoto wa nchi ile waliokotwa njiani.

Kisha misiba ikafuatana. Mwaka wa 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya serikali na Paramount, iliamua kwa namna iliyoyalazimisha makampuni makubwa kuachana na majumba yao ya sinema. Televisheni ikaingia nyumbani, na watu waliozoea kukata tikiti kila juma wakabaki sebuleni. Wakubwa walijaribu kuwarudisha kwa filamu za fahari. Cleopatra, ya mwaka wa 1963, ilimeza zaidi ya dola milioni 30, na kampuni ya 20th Century-Fox ikakaribia kufilisika. Wakati huohuo nchi yenyewe ilikuwa ikitokota. Rais Kennedy aliuawa mwaka ule wa 1963. Vijana walipelekwa kwa maelfu kupigana Vietnam. Wamarekani Weusi walidai haki zao barabarani, wakapigwa. Wazee wa studio hawakujua tena vijana walitaka kutazama nini. Liweke hili moyoni, kwa kuwa wasimulizi wengi hulipita upesi: mlango haukuvunjwa kwa ushujaa wa waasi peke yake. Mwenye nyumba alikuwa na hofu, akaufungua mwenyewe.

Mwaka wa 1967 ikatoka Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn na kutayarishwa na Warren Beatty, ambaye pia aliigiza. Ilihusu wezi wawili wa benki wa miaka ya 1930. Wezi hao walichekesha, wakapendeza, kisha wakamiminiwa risasi mpaka mtazamaji akageuza uso. Bosley Crowther, mhakiki mkongwe wa gazeti la New York Times, aliishutumu vikali, tena zaidi ya mara moja. Pauline Kael akaitetea katika jarida la New Yorker kwa makala ndefu. Vijana hawakungoja hukumu ya wazee hao; walijaa sinemani. Mwezi wa Novemba 1968 ile kanuni ya zamani ikazikwa, na mahali pake pakawekwa utaratibu wa kuzipa filamu madaraja kwa umri wa watazamaji.

Mwaka wa 1969 ikafuata Easy Rider, ya Dennis Hopper na Peter Fonda: vijana wawili juu ya pikipiki, wanatoka Los Angeles kwenda New Orleans kwa fedha za dawa za kulevya. Kama filamu sioni kwamba ni bora kuliko wenzake; mahali pengine inazurura kama wale waendesha pikipiki. Lakini tazama hesabu yake. Iligharimu takriban dola 400,000, ikaleta makumi ya mamilioni. Hesabu hiyo iliwashawishi wenye studio kuliko hotuba yoyote juu ya sanaa.

Waasi hawa walikuwa watu wa kusoma. Francis Ford Coppola, George Lucas na Martin Scorsese walipitia vyuo vikuu vilivyofundisha sinema. Walizitazama kazi za Ufaransa, Italia, Uswidi na Japani, za akina Truffaut, Fellini, Bergman na Kurosawa, kama fundi mchanga atazamavyo mkono wa fundi mkuu. Coppola alipokabidhiwa The Godfather hakuwa amefika umri wa miaka 33. Paramount haikumtaka Marlon Brando wala Al Pacino. Yeye aling'ang'ana nao, na filamu hiyo ya mwaka wa 1972 ikapata tuzo kuu ya Oscar. Baadaye alikichukua kitabu cha Joseph Conrad kilichotokana na safari yake ya mto Kongo mwaka wa 1890, akakigeuza kuwa hadithi ya vita vya Vietnam, akaenda kuipigia picha Ufilipino. Tufani ikabomoa majengo yake. Mwigizaji wake mkuu, Martin Sheen, akashikwa na ugonjwa wa moyo. Apocalypse Now ikatoka mwaka wa 1979. Kongo yenyewe, pamoja na watu wake na mateso yao, haimo tena.

Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kuwa macho. Filamu ya Demme na LaGravenese ni ushahidi wa watu wanaojieleza wenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Uhuru wanaousifu haukugawanywa sawasawa. Barbara Loden aliongoza Wanda mwaka wa 1970, ikasifiwa kule Venice. Alifariki mwaka wa 1980 bila kuongoza nyingine ndefu. Katika chuo kikuu kilekile cha Los Angeles alikosomea Coppola, vijana Weusi walikuwa na uasi wao, na miongoni mwao alikuwamo Haile Gerima wa Ethiopia. Mwenzao Charles Burnett alitengeneza Killer of Sheep, habari za mfanyakazi wa machinjioni, kwa fedha zisizofika dola 10,000, akipiga picha mwisho wa juma. Ilikamilika katika miaka ya 1970, nayo ikafika katika majumba ya sinema kwa upana mwaka wa 2007. Hata uasi huwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Wengi humlaumu papa wa Steven Spielberg kwa kuzimaliza zama zile. Jaws ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1975 katika majumba zaidi ya 400 kwa siku moja, matangazo yakirindima katika televisheni. Mwaka wa 1977 Star Wars ya Lucas ikapita hata hapo. Wenye studio wakaona njia ya utajiri iliyo fupi. Ila lawama hiyo mimi siikubali yote, maana Spielberg na Lucas walikuwa vijana wa rika lilelile, na upande wa pili wenzao walikwisha kulewa madaraka. Michael Cimino, baada ya kutuzwa kwa The Deer Hunter, alipewa dola milioni 11 hivi kutengeneza Heaven's Gate. Alirudiarudia picha zake mpaka gharama zikapita milioni 40. Ilionyeshwa New York Novemba 1980, ikakaa juma moja tu, ikaondolewa. Mwaka uliofuata wenye kampuni ya United Artists, iliyobeba hasara ile, waliiuza kwa MGM. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1919 na Charlie Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, ili wasanii wawe mabwana wa kazi zao wenyewe.