Waliobebwa Kabla Yetu

Ukisoma habari za Wazungu waliokuja kutafuta chanzo cha Nile, utadhani walikuwa na miguu ya chuma. Wapi! Richard Burton alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 akiwa hawezi kutembea. Ugonjwa ulikuwa umeipooza miguu yake, kwa hivyo alibebwa kwa machela. Mwenzake, John Speke, alikuwa karibu kipofu. Speke alipopata nafuu alielekea kaskazini, na Agosti mwaka huohuo akaliona ziwa letu kutokea upande wa Mwanza, akalibandika jina la malkia wao. Burton alikuwa amebaki Kazeh, Tabora ya leo, bado mgonjwa. Na Livingstone? Safari yake ya mwisho, 1873, aliimaliza juu ya kitanda, mabegani mwa kina Chuma na Susi.

Nawataja hawa kwa sababu mpenzi wangu anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda, na kila tukipanga safari lazima mtu aulize kama si afadhali tukae tu nyumbani. Burton alibebwa miezi kadhaa na vitabu vikamwita mvumbuzi. Mpenzi wangu akibebwa dakika moja kuingia matatu, steji nzima inasema pole.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kumwona shangazi yake Mwanza. Sisi tunaishi Homa Bay. Ni ng'ambo kwa sababu mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa kwao Ulaya, walikubaliana mstari kutoka pwani, uuzunguke Kilimanjaro, uje hadi ziwani kwenye nyuzi 1 kusini. Mwaka 1890 wakauvusha majini. Wakuria wakajikuta wengine Kenya, wengine Tanganyika, na ukoo ni uleule. Wajaluo pia.

Kuna kipindi ambapo mstari huo ulivukwa kwa meli. Victoria, iliyoanza kazi 1961, ilibeba abiria kati ya Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka hadi 1983, na meli ikabaki kwao. Watu huikumbuka 1977 kwa siasa na mali iliyogawanywa. Mimi nahesabu kitu kingine: kwa meli unapanda mara moja na kushuka mara moja.

Kwa barabara sisi tulipanda mara nne. Matatu ya Homa Bay hadi Rongo, kupitia Rodi Kopany. Nyingine hadi Migori. Probox hadi Isebania, tumebanana kama omena kwenye gorogoro. Halafu basi kutoka Sirari. Mpakani penyewe hapakuwa na shida, maana maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagongewa muhuri, unaenda. Mpaka wetu halisi ulikuwa ngazi ya matatu.

Pale Rongo makanga alimtazama, kisha akaniuliza mimi, "Sista, huyu anashukia wapi?"

"Niulize mimi," mpenzi wangu akasema. "Ninashuka Migori."

Makanga akacheka kidogo, akamshika kwapani bila ruhusa, akamvuta. Kiti kikatozwa shilingi 200 kama gunia la viazi. Hicho ndicho kinachotuchosha, manze, wala si umbali. Burton alikuwa na bunduki na mshahara wa wapagazi mfukoni, kwa hivyo alisema lini aondoke na lini atuliwe. Mgongo uliokuwa unauma ulikuwa wa mpagazi, na jina la huyo ni wachache wanaolijua.

Sheria hatukosi. Ile ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja usafiri wa umma. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya. Matatu ya Rongo bado ina ngazi ileile.

Sirari mpenzi wangu alianza kuwapanga wabebaji mwenyewe kabla basi halijasimama: wewe mkono chini ya magoti, wewe nyuma, msininyanyue mpaka niseme tatu. Vijana wawili walimsikiliza. Tarime, tulipochimba dawa, alihesabu tena. Kurudi tumepanga kukodi Probox nzima kutoka Isebania mpaka mlangoni, na nauli hiyo ndiyo tunayoitafuta sasa.