Gari jipya la utalii: yapi ya kiwandani, yapi ya Arusha

Mfanyabiashara wa utalii wa Ngarenaro, jijini Arusha, aagizapo Toyota Land Cruiser mpya ya mfululizo wa 70, hana budi kuchagua vifaa kwa uangalifu. Ushuru wa forodha kwa kawaida hukokotolewa kwa bei ya gari pamoja na bima na usafirishaji; hivyo kila nyongeza ya kiwandani huongeza pia kodi.

Kurefusha chesisi, kufunga viti na kutengeneza paa linaloinuliwa ni kazi za karakana za Arusha. Difu yenye kufuli ni vema itoke kiwandani, kwani kuiweka baadaye hulazimu kufungua ekseli. Kufuli hilo huyafanya magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, hata moja likiteleza topeni. Fedha zikipungua, viti vya kifahari visubiri: mgeni aliyekwama Serengeti wakati wa masika hatavisifu.