Liemba, njia ya Kigoma kwenda Mpulungu

Jumatano saa kumi jioni ndiyo iliyokuwa saa ya meli ya Liemba. Gati la Kigoma lilishajaa tangu asubuhi: madumu ya mawese, magunia ya chumvi ya Uvinza, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, kina mama wenye watoto mgongoni na beseni kichwani. Honi ikilia na nanga ikipanda, safari ya kushuka kusini mwa Ziwa Tanganyika imeanza. Abiria walilala usiku wa kwanza majini, wakashinda mchana kutwa, wakalala tena, na Ijumaa asubuhi wakaamkia Mpulungu, nchini Zambia.

Wanaoandika habari za meli hii huanzia kwenye mizinga, na wengi huishia hapohapo. Vita ya Liemba, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilidumu mwaka mmoja hivi. Kazi yake ya kubeba watu na mizigo ilianza mwaka 1927 na ikaendelea kwa miaka tisini. Hata hivyo ule mwaka mmoja ndio uliojaza vitabu, na ile miaka tisini imebaki midomoni mwa wazee wa Kigoma, Kirando na Kasanga.

Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Iliunganishwa kwanza kwa boliti, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo makasha yalisafiri kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Mafundi watatu walifuatana nayo kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao tunayajua. Ya vibarua waliobeba zile bati kwenye jua la Kigoma na kuzipiga ribiti hadi zikawa meli ya mita 71, nadra kuyakuta popote.

Iliposhushwa majini Februari 1915, Wajerumani waliipa jina la Graf von Götzen. Mtanzania hapaswi kulipita jina hilo haraka. Gustav Adolf von Götzen ndiye aliyekuwa gavana wa koloni wakati wa Vita vya Maji Maji, na ni katika utawala wake majeshi yalichoma mashamba na maghala ya kusini mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka michache baadaye jina lake lilikuwa ubavuni mwa meli kubwa kuliko zote ziwani, ikisafirisha askari wa koloni lilelile.

Kwa muda ilibeba hata mzinga uliookolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Lakini Wabelgiji walikuwa wakisogea kutoka Kongo, na Waingereza walikuwa wameshakokota boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli na kwa kuzivuta porini hadi ziwani, wakaanza kuwanyang'anya Wajerumani maji. Julai 1916, Kigoma ikiwa karibu kuanguka, wale mafundi watatu waliagizwa kuizamisha meli. Waliipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaitosa karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Sidhani kama fundi hupaka grisi kitu anachotaka kife.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji alipofika upande wa kusini. Hapo ndipo historia ninayoijali inapoanza.

Ukanda wa mashariki wa ziwa hili ni milima inayoteremka hadi majini. Kwa miongo mingi vijiji kama Kalya, Karema na Kabwe havikuwa na barabara ya maana, wala gati. Meli ilikuwa inasimama mbali kidogo na ufuo, mara nyingi usiku wa manane, inapiga honi na kuwasha taa. Kufumba na kufumbua mitumbwi inakuja kutoka gizani na kuizonga ubavuni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kushika kamba. Mlango wa ubavu unafunguliwa. Mtoto anapitishwa mkono kwa mkono juu ya maji, kisha kuku waliofungwa miguu, kisha bibi kizee anayevutwa kwa mikono miwili huku anamwita Mungu, kisha mjukuu wake na kitanda. Wakati huohuo wanaoshuka nao wanashuka kwa mlango uleule. Winchi ya mbele inaning'iniza wavu wa magunia, na mabaharia wanapiga kelele mtumbwi usogee. Nusu saa, wakati mwingine zaidi, halafu giza linarudi na meli inaelekea kijiji kingine.

Mgonjwa aliyehitaji hospitali ya Kigoma aliisubiri Liemba, na mwalimu aliyehamishwa alisafiri nayo na mke, watoto na makabati. Wasafirishaji wa dagaa wakavu waliipangia maisha yao: siku ya kuanika, siku ya kufunga magunia, siku ya meli.

Mpulungu, mwisho wa safari, ndiyo bandari ya Zambia, nchi isiyo na bahari. Maofisa wa uhamiaji walipanda melini, wakagonga mihuri, na baada ya hapo biashara ikaanza palepale gatini: dagaa na migebuka, shilingi kwa kwacha. Muuza dagaa wa Kigoma angeweza kupatana bei kwa Kiswahili na Mlungu wa Mpulungu, na hata na Mkongo aliyevuka kutoka Moba. Mikataba ya ushirikiano wa kikanda ilipoanza kuandikwa, watu hawa walikuwa wameshauishi kwa vizazi.

Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Meli ilipita mikononi mwa reli za kikoloni, za Afrika Mashariki, kisha za Tanzania, na baadaye Kampuni ya Huduma za Meli. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, iliwarudisha maelfu ya wakimbizi wa Zaire kwao kupitia Uvira. Mei 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao na kuingia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikalipuka na watu wakawa hawana pa kutokea isipokuwa majini. Liemba iliwafuata, mamia kwa kila safari, ikawashusha Kigoma. Meli ya askari wa gavana Götzen ilikuwa na umri wa miaka mia moja kamili.

Miaka ya karibuni Liemba imesimama Kigoma. Mkataba wa ukarabati mkubwa umetiwa saini, na kila jambo linaloihusu hufuatiliwa hata Papenburg. Kuna waliotaka iwe makumbusho. Napinga. Lami imefika Mpanda na Sumbawanga, Kasanga imepata gati, lakini mtu wa Kalya bado anapanda boti ya mbao iliyopakiwa kupita kiasi, na ziwa hili huchafuka ghafla msimu wa pepo za kusi. Ukarabati upangwe kwa kuwafikiria hao: ratiba ya uhakika, nauli ya daraja la tatu wanayoiweza, majaketi ya kuokolea yanayotosha kila abiria, na gati angalau kwa vijiji vikubwa, ili bibi kizee apande kwa ngazi.