Asili ya Barua Isiyofika

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zajuana kwa tarakimu. Majina ni haja ya binadamu, naye ndiye aliyelazimika kuyatunza. Katika miaka ya 1970 mtandao wa ARPANET huko Marekani ulikuwa na daftari moja tu la majina, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Menlo Park, California. Kila kituo kilinakili daftari zima. Kazi hiyo ilichukulika kompyuta zilipokuwa chache. Zilipozidi, nakala zilipitwa na wakati upesi.

Ndipo Novemba 1983 Paul Mockapetris alipotangaza mpango mwingine, ujulikanao kwa herufi DNS: daftari ligawanywe, kila mwenye kikoa atunze majina yake mwenyewe, na mwulizaji aelekezwe hatua kwa hatua hata amfikie mwenye jibu. Januari 1986 Craig Partridge akaeleza jinsi barua pepe itakavyofuata mpango huo: seva ipelekayo barua iulize kwanza ni mashine ipi ipokeayo barua za kikoa kile. Tangu hapo barua na jina vikawa chanda na pete. Jina likipotea, barua hulala njiani ingawa waya ni mzima.

Walakini Februari 1996 zilitengwa rasmi tarakimu za matumizi ya ndani, kama zile zianzazo na 10, ambazo ofisi yoyote yaweza kuzitumia ndani ya kuta zake. Ofisi nyingi zikawa na madaftari mawili, la nje na la ndani. Aliyeketi ofisini hakuhisi kitu. Aliyehisi ni mfanyakazi wa mbali, aifikiaye ofisi kwa VPN, yaani njia ya siri ipitayo ndani ya intaneti. Na mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, wafanyakazi wa namna hiyo waliongezeka mno. Njia imefunguka, lakini programu ya barua yasema seva haionekani, kwa kuwa kompyuta ingali yauliza seva ya majina ya kampuni iletayo intaneti nyumbani, nayo haijui lolote juu ya majina ya ndani.

Fundi mwenye busara huiita seva kwa tarakimu, kisha kwa jina. Ikiitika kwa tarakimu na kunyamaza kwa jina, kosa si la njia bali la daftari. Naye huagiza maswali ya kikoa cha ofisi yapelekwe kwa seva ya majina ya ofisi. Wengine hupeleka huko maswali yote. Ni rahisi zaidi, ila kila jina aulizalo mfanyakazi nyumbani kwake, hata la hospitali au la benki yake, hupita mbele ya macho ya mwajiri.