Nilipewa Karatasi Tu

Nikiwa darasa la nne, msichana mmoja alikuja shule na switi za matunda alizotumiwa na shangazi yake wa Marekani. Kwenye pakiti kulikuwa na samaki wa Finding Nemo, filamu ambayo sisi tuliiona kwa sidii ya kuchoma, ile inakwama katikati mpaka uifute na tisheti. Aligawa moja moja. Mimi nilikuwa nakaa nyuma, na aliponifikia zilikuwa zimeisha. Akanipa karatasi. Niliinusa, nikaiweka ndani ya kitabu cha hesabu, ikakaa humo hadi shule zilipofungwa.

Majuzi binamu yangu alirudi kutoka huko na boksi zima. Nina miaka 26 lakini nililipasua kama mtoto wa nasari. Wale samaki walikuwa vipande vya jeli visivyo na macho. Ilibidi nitazame boksi ndio nijue yupi ni nani. Nilikula pakiti tatu nikingoja kitu fulani kije. Ilikuja sukari. Basi nikaanza kusoma kuhusu hiki kitu nilichokitamani karibu miaka 17.

Kumbe kilianza kama tunda kweli. Nchini Syria, aprikoti hupondwa, hutandazwa na kuanikwa juani mpaka rojo liwe kama ngozi laini. Huitwa qamar al-din, na wakati wa Ramadhani watu huiloweka wapate kinywaji cha kufuturu. Wahamiaji Wasyria waliofika New York kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 walikuja na ladha hiyo kwenye maduka yao, kwanza Manhattan, kisha Brooklyn. Miaka mingi baadaye, 1983, General Mills, kampuni kubwa ya vyakula ya Minnesota, ikaleta sokoni Fruit Roll-Ups: ngozi ya matunda, lakini ya kiwandani.

Filamu nazo zilikuwa zimeshaonja pesa ya switi. Katika E.T. ya Steven Spielberg, ya 1982, mtoto anamvuta kiumbe wa angani kwa kumwagia switi njiani. Kampuni ya Mars iliombwa M&M's zake zitumike, ikakataa. Hershey ikakubali kutoa Reese's Pieces, na ikaahidi dola milioni 1 za kuitangaza filamu. Mauzo yakapaa. Halafu 1984, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo kwenye vipindi vya watoto. Katuni zikawa tangazo refu, na rafu za supamaketi zikajaa switi za matunda zenye sura za papa, za katuni na za mashujaa wa sinema.

Na tunda je? Mwaka 2011 shirika la kutetea walaji liitwalo CSPI liliishtaki General Mills, likisema Fruit Roll-Ups za stroberi hazina stroberi hata kidogo. Tunda lililokuwemo lilikuwa peasi. Kesi iliisha 2012 kwa makubaliano: kampuni iondoe picha ya stroberi kwenye boksi, mradi stroberi yenyewe haimo ndani.

Hapo nilisimama kidogo. Miaka yote nilidhani nilinyimwa. Nilibeba ile aibu ya kukaa nyuma kama deni, nikiamini wenzangu walionja utoto fulani ambao mimi ulinipita. Lakini kilichokuwa kinauzwa ni picha. Samaki ndiye aliyelipiwa, sukari ilikuwa ya kumshikilia tu. Kwa hesabu hiyo, mwenye karatasi alipata sehemu kubwa ya mali.

Tena wakati huohuo, nje ya geti la shule, mama mmoja alikuwa akiuza achari ya embe, shilingi tano pakiti. Embe lililokatwa, likaanikwa, likapakwa pilipili na rangi nyekundu iliyotuachia ndimi za damu. Tunda la kuanikwa, ndugu ya ile aprikoti ya Syria. Nilikula karibu kila siku na sikuwahi kuota kuihusu, kwa sababu hakuna aliyeitengenezea filamu.

Boksi halijaisha. Watoto wa jirani wakibisha nawapa, na wote huuliza kwanza kama wanaweza kubaki na pakiti.