Ibn Abbas Huko Harura

Serikali za zama zetu, zionapo vijana wakivutwa na makundi yauayo kwa jina la dini, huagiza maneno ya kuwajibu: hotuba, michezo ya redio, picha za sinema. Wengi hudhani dawa hii ni mpya, lakini ilijaribiwa tangu karne ya kwanza ya Uislamu, na habari zake zafaa kutazamwa tena.

Mwaka 657 jeshi la Sayyidna Ali na lile la Muawiya yalipambana Siffin, kando ya mto Furati. Watu wa Muawiya wakainua misahafu juu ya mikuki, vita vikasimama, zikachaguliwa pande mbili za uamuzi, Abu Musa al-Ashari huku na Amr bin al-As kule. Baadhi ya askari wa Ali waliona kuwa kuwapa wanadamu uamuzi huo ni dhambi kubwa. Wakajitenga, wakapiga kambi Harura, karibu na Kufa, na kauli yao ikawa moja: hakuna hukumu ila ya Mungu. Ali hakuikana kauli hiyo. Alikiri kuwa ni ya haki, ila akasema waisemao wameikusudia batili.

Aliyekwenda kuwajibu ni Ibn Abbas, binamu yake Mtume. Hao hawakuwa wahuni. Riwaya zawasifu kuwa watu wa ibada, wenye sugu za kusujudu katika vipaji vya nyuso. Yeye aliwaingilia amevaa joho zuri la Yemen, nao wakamlaumu kwa joho kabla ya jambo lingine lolote. Alilijibu hilo, kisha akauliza wana kinyongo gani na Ali, akawafunga kwa ahadi kwamba akiwaonyesha jibu katika Kitabu watarejea.

Wakataja mambo matatu. Ali amewapa watu hukumu iliyo ya Mungu. Alipigana vita vya Ngamia mwaka 656 asichukue mateka wala ngawira. Tena amekubali kufutiwa cheo cha Amiri wa Waumini katika hati ya suluhu. Ibn Abbas akajibu kuwa Kurani yenyewe yaamuru watu wawili waadilifu wahukumu juu ya mnyama aliyewindwa katika ihramu, na waamuzi wa jamaa mbili wapatanishe mume na mke; je, damu ya umma ni duni kuliko hayo? Juu ya mateka aliwauliza kama wangemteka Bibi Aisha, aliye mama wa waumini. Juu ya cheo aliwakumbusha Hudaibiya, mwaka 628, Mtume alipokubali neno la utume wake lifutwe katika mkataba.

Riwaya mashuhuri yasema walirejea watu 2,000 katika 6,000, ingawa hesabu za wapokezi hazilingani. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba hakuwaletea kitabu kingine: aliwajibu kwa kile kile walichokikesha wakikisoma.

Waliobaki walikutana na upanga wa Ali huko Nahrawan mwaka 658. Waandishi wengi wa tarikh husema walikuwa wamemwua Abdallah bin Khabbab na mkewe mjamzito, hali wenzao walijizuia kula tende moja iliyoanguka kwa kuwa si yao. Wanazuoni wa Kiibadhi husimulia Nahrawan kwa namna nyingine, na huwaona waliouawa kuwa wamedhulumiwa. Lililo wazi ni kuwa upanga haukumaliza neno: mwaka 661 Ibn Muljam, mtu wa upande wao, alimwua Ali msikitini Kufa.

Jibu lililodumu lilitoka ndani. Mwaka 684, huko Basra, Nafi bin al-Azraq alitangaza kuwa Waislamu wasiomfuata ni washirikina, na damu yao ni halali. Walioikataa kauli hiyo walikuwa watu walioheshimu wafu wa Nahrawan kama yeye, Abdallah bin Ibadh akiwa msemaji wao. Na mwalimu wao mkuu alikuwa Jabir bin Zayd, Mwomani wa upande wa Nizwa, mwanafunzi wa yule yule Ibn Abbas. Nafi aliuawa vitani mwaka uliofuata. Njia ya Jabir ilikita Oman, ikavuka bahari, nayo ndiyo madhehebu ya masultani wa Unguja hadi mwaka 1964. Wafuasi wake hawakubali kuitwa Khawarij.