Jiwe la Morogoro na Hesabu ya Umri wa Dunia

Mkazi wa Masagati, au wa Ifakara, au wa kokote kule katika bonde la Kilombero, akisikia habari za wataalamu wa Ujerumani wanaozizungusha atomu zilizovuliwa elektroni zake ili wapime jinsi viini vyake vinavyooza, hana lawama akidhani ya kuwa mambo hayo hayamhusu. Lakini tarikhi inashuhudia kwamba elimu hiyo, katika siku za uchanga wake, ilipata mojawapo ya hoja zake thabiti kutoka mkoa wake mwenyewe wa Morogoro.

Zama za utawala wa Wadachi, machimbo ya ulanga katika milima ya Uluguru yalitoa mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wake, yenye urani ndani yake. Mwaka 1906, ilhali vita vya Maji Maji, vilivyolifikia boma la Mahenge mwezi wa Agosti 1905, vilikuwa havijatulia, Willy Marckwald, mwanakemia wa Berlin, aliyaeleza mawe hayo, na yale madini ya manjano yaliyotokana na kuharibika kwake akayaita rutherfordini, kwa kumtukuza Ernest Rutherford, bingwa wa elimu ya mionzi.

Wakati ule wanavyuoni walikuwa wakidai kwamba urani, ikiisha kuoza daraja baada ya daraja, hugeuka kuwa risasi. Na mwanakemia Frederick Soddy alikwisha kufundisha, mwaka 1913, kuwa atomu za asili moja zaweza kuhitilafiana kwa uzito. Madai hayo yalihitaji ushahidi wa mizani. Wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz waliitwaa risasi iliyotoka katika mawe ya Morogoro, wakaisafisha, wakaipima, wakakuta uzito wa atomu yake ni 206.046, hali risasi ya kawaida ni 207.2. Risasi ya mgodi wa Joachimsthal, huko Bohemia, ilionyesha tofauti pia, ila ndogo zaidi, kwa sababu ilichanganyika na risasi ya kawaida; fuwele za Morogoro zilikuwa karibu safi, na kwa usafi huo zikaondoa shaka.

Basi ikapata nguvu njia ya kuhesabu umri wa miamba kwa kulinganisha urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, kwa kuwa nusu ya urani nzito huoza kwa muda wa miaka bilioni 4.5 hivi. Hesabu hiyo ilisimama juu ya sharti moja: kwamba mwendo wa kuoza haubadiliki, liwe joto au baridi, uwe mgandamizo au uwazi.

Mwaka 1947 Raymond Daudel na wenzake, Wafaransa, walitabiri kwamba sharti hilo lina mpaka wake. Kuna viini ambavyo, vikioza, huzaa elektroni. Na atomu iliyo kamili haina nafasi tupu karibu na kiini ya kuipokea elektroni hiyo, bali ikivuliwa elektroni zake zote, nafasi hupatikana na kuoza kunakuwa kwepesi. Utabiri huo ulingoja hadi mji wa Darmstadt, Ujerumani, ulipopata pete yenye mzingo wa mita 108, ambamo ioni huzunguka katika ombwe kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya nuru. Mwaka 1992 ilidhihirika humo kwamba disprosi 163, ambayo kwa kawaida haiozi kabisa, ikivuliwa hupungua nusu kwa siku zisizofika 50. Na mwaka 1996 reni 187, ambayo kwa kawaida hupungua nusu kwa miaka bilioni 42 hivi, ilionekana, ikivuliwa, kupungua nusu kwa miaka 33 tu.

Je, hesabu ya jiwe la Morogoro imebatilika? La, hasha. Urani haiozi kwa njia hiyo, na katika miamba ya dunia atomu hazivuliwi hivyo. Walakini ndani ya nyota, penye joto la kuzivua, reni huoza upesi, na wanaoitumia kukadiria umri wa mkusanyiko wetu wa nyota hawana budi kuirekebisha hesabu yao. Kwa hiyo pete ya Darmstadt haikuitangua kazi iliyoanzia Uluguru, bali imebainisha ni wapi saa ile ya mawe inaaminika, na ni wapi haifai kuaminiwa bila kuulizwa.